Majeruhi Hubebwa Nyumbani

Hutoka mara mbili hadi nne kwa siku, asubuhi na alasiri, jua likiwa limepoa. Mpelelezi mmoja ametangulia. Ameona mahali mchwa wanapokula, chini ya ganda la udongo walilolijenga juu ya gogo au majani makavu, akarudi kutoa habari. Sasa anaongoza msafara mweusi wa wenzake mia mbili, pengine mia sita, moja kwa moja hadi pale pale. Wenye miili mikubwa wanabomoa ganda. Wadogo wanajitosa ndani, wanawachoma mchwa kwa mwiba na kuwatoa nje mmoja mmoja. Askari wa mchwa hawakimbii. Wana vichwa vigumu na taya zinazokata, na kinachokatwa mara nyingi ni mguu. Wengine wakishang'ata hawaachii: mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeng'ang'ania mguu wa adui. Baada ya dakika chache kazi imekwisha. Wakubwa wanajaza maiti tayani, na msafara unageuka kurudi ulikotoka.

Mdudu huyu kisayansi anaitwa Megaponera analis. Anapatikana karibu kote Afrika kusini mwa Sahara, na hali kitu kingine ila mchwa. Ni miongoni mwa chungu weusi wakubwa ambao kwetu huitwa kwa jina la jumla, sungusungu, lile lile ambalo vijiji vya Usukuma na Unyamwezi vililichukua mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilipounda vikundi vya kuwasaka wezi wa ng'ombe. Aliyechagua jina hilo bila shaka aliwahi kuukanyaga msafara wao.

Kwa muda mrefu habari za chungu huyu ziliishia hapo: anavamia, anaua, anabeba, anarudi. Kisha mtafiti Mjerumani, Erik Frank, akiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Comoé huko Kodivaa, aliangalia kwa makini nini hasa kinachobebwa wakati wa kurudi. Pamoja na mchwa waliokufa, baadhi ya chungu walikuwa wamebeba chungu wenzao, tena walio hai. Alipowachunguza aliwakuta wana mguu uliokatika, au wawili, au wana kichwa cha askari wa mchwa kinachoning'inia mwilini. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2017, na tangu hapo haiwezekani kuandika juu ya vita vya wadudu bila kuandika juu ya hospitali zao.

Majeruhi huita kwa harufu. Tezi zilizo karibu na taya zake hutoa kemikali mbili zenye salfa, na anayepita karibu husimama, humgusagusa kwa vipapasio, kisha humnyanyua. Naye hukunja miguu na kujikusanya ili abebeke. Hapo ndipo panapotokea jambo linalochekesha kidogo. Majeruhi akiwa karibu na wenzake huchechemea, hujikokota, huanguka. Huyo huyo akiachwa peke yake huinuka na kuondoka kwa mwendo mzuri tu. Ni rahisi kumwita mnafiki, nasi sote tunamjua mgonjwa wa namna hiyo, ila njia ya kurudi ina buibui warukao, na mlemavu asiye na msafara ni chakula chao. Frank alipowalazimisha majeruhi kurudi peke yao, karibu theluthi yao walikufa njiani. Mwenye nafasi ya kubebwa ana sababu ya kujilegeza, na asiyekuwa nayo hana budi kukaza mwendo.

Si kila majeruhi anabebwa. Katika majaribio, aliyepoteza miguu miwili aliokolewa na aliyepoteza mitano aliachwa. Tunapoisikia habari hiyo tunamtafuta mara moja daktari wa mlangoni, yule anayepita kati ya machela akiamua huyu aingizwe, huyu basi tena. Hayupo. Wasaidizi humfikia hata yule wa miguu mitano na kujaribu kumnyanyua. Yeye mwenyewe ndiye anayeshindwa kutulia: anajipigapiga na kujizungusha, hajikunji, na mwishowe wanamwacha. Kwa hiyo mchujo upo, lakini hakuna aliyeuamua. Kuna mwili ulioweza kujikunja na mwili ambao haukuweza. Baadhi ya waandishi wamemwita shujaa, eti amekataa msaada ili asiwe mzigo kwa wenzake. Mimi sioni haja ya kumvika nishani. Kinachotisha katika kisa hiki ni kwamba uamuzi mzito kiasi hicho unapitishwa bila mwamuzi.

Kiotani kazi inaendelea. Vichwa vya mchwa hung'olewa. Vidonda hurambwa, wakati mwingine kwa dakika kadhaa mfululizo, hasa katika saa ya kwanza. Watafiti walitaka kujua kama kuramba huko kunafanya kitu au ni desturi tu. Walichukua chungu waliokatwa miguu wakawatenga, kila mmoja peke yake, kwenye udongo wa kawaida: wanane katika kila kumi walikufa ndani ya saa 24. Wengine waliachwa wahudumiwe kwanza na wenzao: alikufa mmoja katika kumi. Wengine tena walitengwa bila huduma, lakini katika chombo kisafi kisicho na vijidudu: walikufa wawili katika kumi. Hilo kundi la mwisho ndilo linalofafanua jambo zima. Jeraha lenyewe haliui sana, linaloua ni uchafu unaoingia kupitia kwake.

Mwaka 2023 Frank na wenzake walikwenda mbele zaidi. Waliwaambukiza majeruhi bakteria wanaoitwa Pseudomonas aeruginosa, ambao ni tatizo sugu hata katika wodi za binadamu kwa sababu aina nyingi zake zimeshazoea dawa. Wauguzi wa kiota waliweza kumtofautisha mwenye kidonda kilichooza na mwenye kidonda safi, kwa mabadiliko ya mafuta yanayofunika ngozi ya mgonjwa. Mwenye maambukizi walimhudumia zaidi, na kwa kitu cha ziada: ute unaotoka kwenye tezi iliyo nyuma ya kifua. Ulipopimwa, ute huo ulikutwa na kemikali 112 na makumi ya protini, nyingi za aina inayopambana na vijidudu. Vifo kati ya walioambukizwa vilipungua kwa asilimia 90.

Basi tuna jeshi lenye wabeba machela, wodi na duka la dawa. Na karibu wote wanaopona hurudi vitani, wengine kabla siku haijaisha, kwa miguu minne au mitano iliyobaki, wakiwa wamejifunza mwendo mpya unaokaribia kasi ya wazima.

Hapa pana kishawishi cha kutamka neno huruma, na wasomaji wa tabia njema wangependa nilitamke. Nitaomba tuangalie kwanza daftari la hesabu. Kundi la Megaponera ni dogo kwa viwango vya chungu, waliokomaa elfu moja au mbili hivi, na wanaozaliwa kwa siku ni kumi na kitu. Wanaojeruhiwa na kuokolewa kwa siku wanakaribia idadi hiyo hiyo. Watafiti walikadiria kwamba kwa kuwaokoa majeruhi kundi huwa kubwa kwa karibu asilimia 29 kuliko ambavyo lingekuwa. Kumwacha mmoja afie porini ni hasara inayoonekana.

Sasa mweke pembeni siafu. Kundi moja la siafu linaweza kuwa na mamilioni, na malkia wake hutaga mayai kwa mamilioni kila mwezi. Yeyote aliyewahi kuhama nyumba usiku na watoto mgongoni, akisubiri wapite na kumaliza mende na panya waliomo, ameona jinsi wanavyojaza mifereji kwa miili yao ili wengine wapite juu. Katika hesabu ya namna hiyo mguu wa mmoja hauna bei. Si kwamba siafu ni katili na sungusungu ni mpole. Thamani ya majeruhi imepangwa na kasi ya kuzaliwa kwa mbadala wake.

Nisingependa kufananisha watu na wadudu, ni mchezo uliowahi kuleta maafa makubwa katika ukanda wetu. Lakini hesabu ya namna hii tunaifahamu, na mji wa Dar es Salaam una mtaa unaoikumbusha kwa jina lake. Kariakoo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918 vya Afrika Mashariki. Vifo vya wapagazi vilivyoandikwa upande huo pekee vinazidi 40,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, wala si kwa risasi. Mpagazi alihesabiwa kuwa anapatikana tena katika kijiji kinachofuata, basi chakula chake na dawa yake vilikuja mwisho. Tofauti na siafu, uamuzi huo ulikuwa na waamuzi, na walikuwa wanajua kusoma na kuandika.

Uganga wa vita nao una historia ndefu kuliko vita vyetu. Larrey, daktari mkuu katika majeshi ya Napoleon, alishikilia kwamba mguu uliosagwa na mzinga ukatwe ndani ya saa 24, kabla kidonda hakijaharibika. Na si yeye peke yake: huko Florida yupo chungu seremala, Camponotus floridanus, anayekata miguu ya wenzake. Ukoo wake umepoteza ile tezi ya dawa iliyo nyuma ya kifua, kwa hiyo hana ute wa kupaka. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kidonda kikiwa kwenye paja, muuguzi huanza kwa kuramba, kisha hupanda hadi kwenye kiungo cha juu na kuutafuna mguu mpaka ukatike. Kazi hiyo huchukua dakika 40 au zaidi, na mgonjwa hutulia muda wote. Bila huduma, walionusurika hawakufika asilimia 40. Waliokatwa, zaidi ya asilimia 90 waliishi. Kidonda kikiwa chini, kwenye muundi, hawakati kabisa, wanaramba tu kwa muda mrefu. Sababu iko kwenye misuli. Paja lina misuli mingi inayosukuma damu. Ikiharibika, damu hupungua mwendo na vijidudu huchelewa kuingia mwilini, basi upasuaji wa dakika 40 unawahi. Kwenye muundi damu inapita bila kizuizi, na vijidudu vingeshafika mwilini kabla mguu haujakatika. Hakuna aliyewafundisha haya. Walio hai leo ni wazao wa wale waliokata mahali panapofaa kukatwa.

Mpaka hapa dawa imekuwa upande wa ndugu. Inaweza pia kuwa upande wa muuaji, na mfano ulio bora, au mbaya, ni nyigu mdogo wa rangi ya zumaridi anayeishi katika Afrika ya kitropiki na Asia, Ampulex compressa. Windo lake ni mende, na anahitaji mende aliye hai. Humdunga mara mbili. Sindano ya kwanza huingia kifuani na kuipooza miguu ya mbele kwa dakika chache. Ya pili inahitaji utulivu, ndiyo maana ya kwanza ilitangulia: huingia shingoni hadi ndani ya kichwa, katika sehemu hasa za ubongo zinazoanzisha mwendo. Frederic Libersat na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion wametumia miaka mingi kuichunguza sindano hiyo. Mende hapoozi. Nguvu za miguu anazo, akitupwa majini anaogelea. Kilichoondoka ni kule kuanza, ile hamu ya kwenda popote. Kwa nusu saa hivi anajisafisha tu. Nyigu hukata vipapasio vyake katikati, hunywa tone la damu, hushika kipande kilichobaki na kumwongoza hadi shimoni kama mtu anavyompeleka mbuzi wa sadaka. Huko humwekea yai moja kwenye mguu, huziba mlango kwa vijiwe, na kwenda zake.

Charles Darwin aliwafikiria nyigu wa desturi hii alipomwandikia Asa Gray, mwanabotania wa Marekani, mwezi Mei 1860. Alimwambia hawezi kuamini kwamba Mungu mwema alikusudia kuumba nyigu wanaolelewa ndani ya miili hai ya viwavi. Barua hiyo imenukuliwa mara nyingi mno, na kila dini ina majibu yake. Mimi navutiwa na kitu ambacho Darwin hakuweza kukiona. Buu likishaanguliwa hufyonza kwanza damu kutoka nje, halafu huingia ndani ya mende na kumla kwa siku kadhaa, na mende huendelea kuwa hai kwa sehemu kubwa ya muda huo. Lakini mende ni mdudu wa vyooni na jaani. Amejaa bakteria, na mmoja wao, Serratia marcescens, anaweza kuliua buu. Mwaka 2013 Gudrun Herzner na wenzake wa Regensburg, Ujerumani, walieleza namna buu linavyojikinga. Linatoa matone kinywani, yenye kemikali mbili zinazoua vijidudu vya namna nyingi, na kulipaka tumbo la mende kwa ndani kabla ya kusuka kifukofuko chake humo humo. Ni usafi wa hali ya juu kabisa. Ukimwonyesha mtu tendo hilo pekee, bila kumwambia ni la nani kwa nani, atasema huyu anauguza.

Turudi kwa wanaoishi pamoja, maana swali la nani atumwe kufa bado hatujaliuliza. Kwa chungu, nyuki na mchwa jibu halibadilikibadiliki sana: ni wazee. Nyuki kijana hufanya kazi za ndani, husafisha vyumba na kulisha watoto, na ndiye mzee anayetoka kwenda maporini kwenye ndege na mvua, mbawa zikiisha kwa kuchakaa. Katika misitu ya Guyana ya Ufaransa wapo mchwa, Neocapritermes taracua, ambao jambo hili limefikia kikomo chake. Kadiri kibarua anavyozeeka, taya zake zinavyosagika na kuwa butu, ndivyo mifuko miwili mgongoni mwake inavyojaa chembe za buluu zenye protini ya shaba. Kiota kikivamiwa, mzee huyo hujipasua. Chembe za buluu huchanganyika na mate yake na kuwa sumu nata inayomshika adui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wenye mzigo mkubwa zaidi ni wale wasioweza tena kula vizuri. Mzee ambaye hana faida jikoni anageuzwa baruti. Sijui niseme nini juu ya hilo, nimeliandika kwa sababu ni kweli.

Kwetu mfano ulio karibu ni majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mwembe na mkarafuu kwa hariri ya mabuu wao wenyewe. Bert Hölldobler aliwachunguza jamaa zao wa Australia akakuta kwamba mipakani mwa himaya yao huweka viota vidogo vya walinzi, na wanaokaa humo ni vikongwe. Wakivamiwa, wa kwanza kufa ni wale ambao siku zao zilikuwa zimebaki chache kwa vyovyote vile.

Vita vya majimoto vinaonekana hadi kwenye pato la watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Michael Way, mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, alikuwa Zanzibar akichunguza minazi inayopukutisha vidaka, nazi changa kabla hazijafika hata kuwa vitale. Mkosaji alikuwa mdudu mfyonzaji ambaye baadaye alipewa jina lake, Pseudotheraptus wayi. Lakini ilionekana pia kwamba minazi yenye majimoto haikudhurika sana, kwa sababu majimoto humfukuza au kumla. Penye nazi chache palikuwa na chungu mwingine chini, mdogo, wa kahawia, mwenye askari wa kichwa kikubwa: Pheidole megacephala. Huyo anamiliki ardhi na shina. Majimoto akishuka anakamatwa miguu na wengi kwa mara moja, ananyooshwa, anakatwakatwa. Shamba la mnazi, kwa mwenye kuinama na kutazama, ni mpaka wa nchi mbili zinazopigana kila siku, na kuvuna au kutovuna kunategemea mpaka umelala wapi asubuhi hiyo.

Wahenga walisema vita vya panzi furaha ya kunguru. Hapa mkulima hakungoja kuwa kunguru, alichukua upande. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa minazi nchini Tanzania walijaribu kuwapunguza hao wa ardhini ili majimoto wapate kupanda. Kunyunyizia sumu kali hakufai, maana inaua vibarua waliotoka nje tu na kumwacha malkia chini. Walichotumia ni chambo: punje zenye mafuta ya kuvutia na sumu inayochelewa. Kuchelewa huko ndiko siri yake. Kibarua anayeokota punje hatakiwi kufa pale pale. Anatakiwa afike nyumbani mzima, ateme alichobeba mdomoni mwa mwenzake, naye mwenzake ampe wa tatu, wa tatu alishe mabuu, na mwishowe mmoja wao amlishe malkia. Kundi ambalo hawalishani kwa bidii haliuliki kwa njia hii.